Mjadala: Wauzaji wa mtandaoni wakatazwe kudai pesa kabla mzigo haujafika Tanga?

Mtoa Hoja
Hoja ya leo iko hivi. Mzigo mwingi ambao watu wa Tanga wanaagiza kwa simu unatoka Kariakoo, kilomita kama 350, na unashukia stendi ya Kange. Muuzaji anataka pesa yote ndipo apakie. Wapo wanaotaka sheria imzuie, asipokee hata senti mpaka mnunuzi aushike mzigo. Wapo wanaosema sheria ya namna hiyo itawaua wafanyabiashara wadogo, na matapeli haitawagusa. Semeni, ila leteni vipimo. Habari za "mimi mwaka juzi nililizwa" tuziache, vijiweni zimejaa.

Mama Makorora
Mimi nasema wakatazwe. Aliyelipa kwanza kabaki na nini mkononi? Picha. Na picha yenyewe ya kuokota. Kwenye Instagram gusa jina la ukurasa pale juu, ingia sehemu ya kuhusu akaunti hiyo, utaona ilifunguliwa lini na imeshabadili jina mara ngapi. Ukurasa wa magauni wenye wafuasi 80,000 uliobadili jina mara tano haukuwapata kwa kuuza magauni. Pengine ulikuwa wa vichekesho, ukauzwa pamoja na wafuasi wake. Ukiona na maoni yamefungwa, bei ni nusu ya soko, na anwani ni "Kariakoo" tupu bila mtaa wala namba ya duka, unasubiri nini tena? Tanga tuna msemo wetu wa waja leo waondoka leo. Kurasa hizi ndizo zenyewe. Mwenye duka la kweli hana sababu ya kuliogopa katazo.

Viungo vya Muheza
Shikamoo mama yangu. Anayo sababu, nayo ni hesabu.

Chukua kifurushi cha iliki na mdalasini cha shilingi 60,000, chenye faida ya 9,000. Tuseme bodaboda mpaka stendi ni 2,000 na nauli ya kifurushi kwenye basi 5,000. Mteja wa Dodoma akibadili mawazo, au akazima simu tu, mzigo unarudi kwa 5,000 nyingine. Hapo 12,000 imeteketea na hakuna kilichouzwa. Katika oda 10 wakikataa wanne, wale sita wameleta faida ya 54,000 na hawa wanne wamekula 48,000. Muuzaji kabaki na 6,000.

Kuna na hasara isiyoandikwa. Iliki ambayo haikukauka sawasawa, ikifungwa kwenye nailoni na kukaa siku mbili tatu kwenye buti la basi lenye joto, inatoa jasho na kushika ukungu. Ikirudi huiuzi kwa bei ileile. Na wanaokataa si lazima wawe wabaya. Mtu ambaye hajalipa chochote hana kinachomuuma, akiona kingine cha bei nafuu anahamia huko.

Kwa hiyo ninachokubali ni hiki: nauli kwanza, bei ya mzigo baadaye. Mnunuzi atume 7,000 ya bodaboda na basi. Akikataa, muuzaji anapoteza 5,000 ya kurudisha tu. Kwa oda zilezile 10, wanne wanakula 20,000 na muuzaji anabaki na 34,000. Hapo biashara inapumua.

Mama Makorora
Marahaba mwanangu. Na tapeli akikusanya 7,000 za watu 100 kwa siku?

Viungo vya Muheza
Atakusanya, sikatai. Ila kupigwa 7,000 si sawa na kupigwa 60,000, na mnunuzi atakuwa ameshamjua tabia kwa bei ndogo.

Fundi Barabara ya 12
Nyote mnazungumza kana kwamba kuushika mzigo ni kuukagua. Kwenye simu iliyotumika hilo halipo. Bodaboda anakupa dakika mbili, injini inanguruma, unawasha kioo, kinawaka, unalipa. Umeingizwa mkenge na katazo lenu likiwa limefuatwa vizuri kabisa.

Simu inataka dakika 15, na kwa mpangilio. Kwanza bonyeza *#06#, namba ya IMEI, yaani kitambulisho cha simu yenyewe, yenye tarakimu 15 itatokea. Ilinganishe na ile iliyo kwenye mipangilio na iliyo kwenye boksi. Kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Jibu litakuambia namba hiyo ni ya simu aina gani. Ukijibiwa aina nyingine na mkononi una Samsung, hapo hapo rudisha. Usisahau kwamba simu bandia zilizimwa nchi hii Juni 2016, kwa hiyo hili si la kinadharia.

Pili, akaunti. Hapa ndipo watu wanaumia zaidi, na wauzaji wengine wala hawajui. Simu ya Android ikifutwa kwa vitufe vya pembeni bila kuondoa akaunti ya Google ya mwenyewe, ikiwashwa upya inadai akaunti ileile ya zamani. Unabaki na kipande cha kioo. Muuzaji aondoe akaunti kwanza kwenye mipangilio, ndipo aifute, kisha nyote wawili mpite hatua zote za mwanzo mpaka ukurasa wa mbele. Kwa iPhone azime ile huduma ya kutafuta simu kwa kuingiza nenosiri lake mwenyewe. Akisema "nenosiri analo kaka yangu Dubai", mwache na kaka yake.

Tatu, ndiyo sasa kamera zote, spika, maiki kwa kupiga simu ya kweli, laini zote mbili, na chaja. Chomeka, chezesha waya, uone kama inakatakata. Kwenye iPhone soma afya ya betri. Chini ya asilimia 80 weka gharama ya betri kwenye mapatano.

Flashi ya 1TB kwa elfu 15 sihitaji hata kuikagua. Kidude cha ndani kimedanganywa kijitangaze kuwa kikubwa. Ukijaza kupita ujazo wake wa kweli, mafaili mapya yanaandikwa juu ya ya zamani au hayaandikwi kabisa, na hujui mpaka siku unayoyataka.

Wakala Mikanjuni
Hapa tapeli anatajwa kana kwamba ni muuzaji peke yake. Lipeni mzigo ukifika muone namna muuzaji anavyolizwa.

Mnunuzi kasimama na bodaboda, anasema ametuma, na simu ya muuzaji inalia kweli. Ujumbe una kiasi, jina, namba ya muamala, mpaka salio jipya. Ila umetoka kwenye namba ya kawaida ya 06 au 07 badala ya jina la huduma, na hilo salio "jipya" ukilitoa kiasi kilichotumwa halilingani na ulichokuwa nacho asubuhi. Wengine siku hizi wanaghushi hata jina la mtumaji, kwa hiyo usikae kuuchunguza ujumbe. Ufunge, ingia kwenye menyu (*150*00# kwa M-Pesa, *150*60# kwa Airtel Money, na wa mtandao mwingine anaijua yake), soma salio kwa macho yako. Salio halikupanda, mzigo haushuki kwenye pikipiki.

Halafu kuna "nimezidisha". Mzigo ni wa 40,000, zimeingia 140,000, na anaomba 100,000 irudi kwenye namba nyingine. Pesa inaweza kuwa ya kweli, na bado ni mtego, kwa sababu inaweza kuwa imetoka kwa mtu mwingine aliyetapeliwa akaambiwa atume kwako. Ukishairusha 100,000 kwa namba ya tatu, mwenye pesa anakuja kudai 140,000 zake na jina linaloonekana ni lako. Usirudishe kwa mkono wako. Mwambie apige 100, mtandao wake uirudishe kwa njia ileile ilikotoka.

La tatu: ameshapokea mzigo, anapiga 100 kudai alikosea namba. Dawa ni kumbukumbu. Mazungumzo yasifutwe, risiti ya basi ipigwe picha, na mtandao ukikupigia kuuliza usipuuze simu.

Kwa wanunuzi nina neno moja. Lipeni kwenye lipa namba ya biashara badala ya namba ya mtu. Kabla hujaweka namba ya siri jina linatokea. Kama duka linaitwa hivi na jina linalotokea ni la mtu usiyemjua, acha hapo hapo. Maelezo ya "hiyo ni laini ya mhasibu wetu" hayana tofauti na ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii".

Kijana wa Raskazone
Kabla ya yote hayo muombe video, siyo picha. Bidhaa, pembeni karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo kwa kalamu. Asiye na bidhaa atakuwa na sababu kumi, ya bando ikiwemo.

Mwanasheria Chumbageni
Wanaodai sheria mpya wajue zilizopo kwanza. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza kwa njia hii atoe maelezo sahihi ya bidhaa yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka huohuo inaufanya udanganyifu huu kuwa jinai. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Ukiongeza ya nne, tapeli ataivunja na hiyo pia. Atakayeitii ni yule muuza viungo.

Pengo ni kumpata mtu. Tangu Januari 2020 laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole inazimwa, na watu wakadhani namba ikijulikana mwenyewe kajulikana. Tapeli anatumia laini iliyosajiliwa kwa kidole cha mtu mwingine. Yule msajili wa mwavuli barabarani anasema "haijasoma, weka tena", kidole cha pili kinasajili laini ambayo hutaiona maisha yako. Piga *106# kwenye kila mtandao unaoutumia uone namba zilizo kwa jina lako. Usiyoitambua, nenda dukani kwao ikafungwe. Hilo linaibana biashara ya matapeli kuliko katazo la malipo.

Na ukishapigwa, mpangilio wa hatua ndio unaoamua. Wengi wanaanza kwa kubishana na tapeli, yeye anajibu kwa upole, huku pesa inatolewa kwa wakala. Mtandao unaweza kuzuia tu kilichobaki ndani ya akaunti. Piga 100 kwanza ukiwa na namba ya muamala, ndipo upige picha za skrini zinazoonyesha namba yake (jina ulilomhifadhia wewe halithibitishi kitu), kisha polisi ukachukue RB, yaani namba ya taarifa uliyoiandikisha. Namba yenyewe iripoti kwa ujumbe kwenda 15040, bila malipo.

Mama Makorora
Basi tuwe na mtu wa kati. Pesa akae nayo yeye, mnunuzi akiridhika aiachie.

Mwanasheria Chumbageni
Wazo zuri, ila tazama anakaa nani pale kati. Kushika pesa za watu kama huduma ya malipo kunataka leseni ya Benki Kuu, chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015. Msimamizi wa grupu la WhatsApp hana leseni hiyo. Na tapeli wa siku hizi anakuja na mtu wake wa kati mkononi, mwenye nembo na risiti, kumbe ni yeye mwenyewe kwa laini ya pili.

Ofisi ya Vifurushi, Kange
Mnatupangia kazi bila kutuuliza. Mnasema nauli kwanza, mnunuzi akague ofisini, alipe, achukue. Karani wa mizigo anapokea boksi lililofungwa na risiti yenye jina na namba ya simu. Hakuna anayemlipa kufungua boksi wala kushika pesa ya mzigo. Mnunuzi akifungua na kusema ndani mna sabuni, karani ndiye anayekuwa mwizi.

Mkitaka ifanye kazi, muuzaji afungashe mbele ya kamera bila kukata video: kitu, mizani, boksi linafungwa, selotepu inazungushwa, saini kwa maka peni ivuke selotepu na karatasi kwa pamoja. Ikifunguliwa njiani mistari haikutani tena. Kwa vya kupima aonyeshe kwanza mizani haidanganyi: lita moja ya maji isome kilo moja, ukishatoa uzito wa chombo. Namba za basi na risiti zitumwe siku ileile. Huku, mnunuzi afungue kwenye benchi letu akiwa kwenye simu ya video na muuzaji, amlipe muuzaji moja kwa moja, muuzaji asome salio kwenye menyu kama alivyosema wakala, ndipo atupigie tuachie. Karani haigusi pesa.

Fundi Barabara ya 12
Na zile dakika 15 za simu?

Ofisi ya Vifurushi, Kange
Kaa hata saa nzima, benchi ni la kukalia. Ila njoo mchana.

Mama Makorora
Katazo langu silirudishi mfukoni, mwanangu. Nauliza tu, basi likiingia saa nne za usiku?

Ofisi ya Vifurushi, Kange
Boksi linalala ofisini na selotepu yake, mama. Asubuhi utalikuta, na hujalipa bado.