Mjadala: Nyimbo za mahafali Japani, wachague vijana au wazee?

Baba Yuki (mleta mada)
Wakuu habari za jioni. Niko Saitama, mke wangu ni wa huku huku, na binti yetu anamaliza darasa la tisa mwezi wa tatu. Shule imeleta karatasi nyumbani. Wanafunzi wamepiga kura, wanataka kuimba "3-gatsu 9-ka" ya bendi ya Remioromen, ule wa mwaka 2004. Baadhi ya wazee, baba mkwe wangu akiwa mstari wa mbele, wanataka "Aogeba Totoshi", ule wa kumshukuru mwalimu, ulioimbwa tangu 1884. Maoni yarudi Ijumaa. Mke wangu kaniachia nijaze mimi, amechoka kubishana na baba yake. Mliosoma au kufundisha huku, mnasemaje?

Mlimani88
Mzee yuko sahihi, tena mheshimu. Mahafali ni siku ya mwalimu. Mtoto kafundishwa miaka tisa halafu anaaga kwa wimbo wa bendi? Na huo wimbo wenyewe jamaa waliutunga kwa ajili ya harusi ya rafiki yao. Mnapeleka wimbo wa harusi shuleni kisha mnashangaa vijana hawana adabu. Wajapani wamefika pale kwa kushika ya kwao.

Binti_Pwani
Ya kwao yapi, mkuu? "Aogeba Totoshi" ni wa Marekani. Profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Hitotsubashi aliukuta mwaka 2011 kwenye kitabu cha nyimbo za shule za Marekani cha 1871, tuni ile ile. Na "Hotaru no Hikari" wa 1881, wimbo mwingine wa mahafali, ni wa Waskoti, ule ule wanaoimba Wazungu usiku wa mwaka mpya. Enzi za mfalme Meiji, mwishoni mwa karne ya 19, serikali ilimleta Mmarekani anaitwa Mason kufundisha muziki, vitabu vya kwanza vikajaa tuni za nje. Siku hizi kazi ya "Hotaru" ni kufukuza wateja duka linapofungwa. Ukiusikia dukani, beba kapu lako ukalipe.

Fundi_Gitaa
Sahihisho dogo. Unaopigwa dukani siyo huo. Wa dukani ni waltz, mapigo matatu, aliupanga mtunzi Koseki Yuji kutoka kwenye filamu ya "Waterloo Bridge". Wa shuleni ni mapigo manne.

Binti_Pwani
Haya fundi. Mteja anafukuzwa kwa mapigo matatu. Si anafukuzwa lakini?

Sensei_wa_Zamani
Mleta mada, upo Saitama halafu wimbo uliozaliwa mkoani kwako hauutaji? "Tabidachi no Hi ni". Ulitungwa 1991 pale mji wa Chichibu, shule ya kati ya Kagemori. Shule ilikuwa na vurugu, mkuu wa shule Kojima Noboru akaamua kuituliza kwa kuimba. Mwaka anaostaafu, mwalimu wa muziki, Sakamoto Hiromi, akamwomba aandike maneno ya kuwaaga wahitimu. Mzee akasema hawezi. Kesho yake mwalimu akakuta karatasi ya maneno mezani kwake, naye akaweka tuni. Walimu ndio walioimba mara ya kwanza, kuwaimbia wanafunzi, na ilikuwa iishe hapo hapo. Ukasambaa nchi nzima, watoto wenyewe wakiung'ang'ania.

Mimi nilikuwa msaidizi wa mwalimu wa Kiingereza huko. Mahafali ni ndani ya jimu, yaani ukumbi wa michezo wa shule, Machi bado baridi inang'ata, wazazi wamevaa suti na ndara walizobeba kutoka nyumbani maana viatu haviingii. Watoto wamefanyishwa mazoezi ya kusimama na kuinama mpaka wanafanya kwa pamoja kama askari. Halafu piano inaanza. Huo wimbo unaanza taratibu, wasichana wanashika juu, katikati mwendo unabadilika na wavulana wanaingia. Wale wavulana waliokuwa wanasinzia darasani kwangu ndio walioanza kulia. Kwa hiyo swali la kijana au mzee halina maana. Mzee wa kustaafu aliandika, vijana wakaupenda, kwa sababu uliandikwa kwa ajili yao na siyo kwa ajili ya kushukuriwa.

Mlimani88
Binti_Pwani, naona umefurahi sana kuwafanya Wajapani wezi wa tuni. Kuazima tuni siyo dhambi, ila usiwaite watu hawana chao.

Kigoma_Mwisho
Aliyesema "kushika ya kwao" ni wewe mwenyewe mkuu. Hebu tuambie, wimbo wako wa taifa unaousimamia wima tuni yake imetoka Dodoma?

Mlimani88
Usichanganye mambo. Ile tuni aliyotunga Sontonga wa Afrika Kusini mwaka 1897 ni ya Waafrika wote. Zambia wanaitumia, Afrika Kusini wenyewe wanayo mpaka leo. Ile ni undugu.

Kigoma_Mwisho
Ahaa. Sisi tukichukua ni undugu, Mjapani akichukua kwa Mskoti ni kukosa chake. Nimeelewa somo, asante mwalimu.

Mlimani88
Sijasema Mjapani hana chake! Kasema huyo dada wa Pwani. Soma kabla hujakurupuka.

MtuWaTana
Poleni ndugu zangu wa Bongo. Sisi Kenya mwaka 1963 hatukwenda kuomba kwa jirani. Wimbo wetu wa taifa ni wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo, wa kwetu huku Mto Tana.

Kigoma_Mwisho
Wimbo wa kulaza mtoto. Sasa nimejua kwa nini kila nikiusikia kwenye mpira napiga miayo.

MtuWaTana
Chunga mdomo. Huo wimbo mamangu aliniimbia, na nyanya yake alimwimbia. Wewe mtoto wako unambembeleza kwa tuni ya nani? Ya Johannesburg?

Kigoma_Mwisho
Tulia kaka, ni utani wa majirani. Mbona jazba?

MtuWaTana
Utani ni kwa mtu unayemjua.

Kijana_wa_Nagoya
Samahani wakubwa, naomba nirudi kwenye mada. Mimi nimesoma huku toka darasa la kwanza. Sisi tuliimba "Tegami" ya Angela Aki. NHK, shirika la utangazaji la umma, iliuweka kuwa wimbo wa mashindano ya kwaya za shule za kati mwaka 2008, shule nyingi zikaupeleka kwenye mahafali. Ni mtoto wa miaka 15 anaandika barua kwa mtu mzima atakayekuja kuwa, na mtu mzima anamjibu. Hakuna mapenzi hapo, hakuna harusi. Tuliupenda kwa sababu hautuambii tushukuru, unakubali kwamba una miaka 15 na unaumia. "Aogeba" una ubeti wa kuhimiza mtu apande cheo apate jina. Vitabu vingi vimeuruka ubeti huo. Kama wazee wenyewe waliuona haufai, wasitulaumu sisi.

Na wahitimu wa siku hizi huchagua kwa jambo moja: wimbo gani darasa zima linaweza kuimba sauti tatu bila kuaibika. Nyimbo za bendi nyingine ni ngumu, zinapanda juu mno kwa wavulana ambao sauti zao ndiyo kwanza zinavunjika.

Mlimani88
Kijana, nani alikwambia kushukuru ni kuumia? Hiyo ndiyo shida ya kukulia ugenini.

Kijana_wa_Nagoya
Sijasema hivyo mzee wangu. Na hapa siyo ugenini kwangu.

Mzalendo_Mpole
Mnabishana "Hotaru" na "Aogeba" wakati ugomvi mkubwa wa mahafali Japani ni "Kimigayo", wimbo wao wa taifa, ambao walimu wengine hawataki kuusimamia. Sheria ya kuutambua ilipitishwa 1999, baada ya mkuu wa shule mmoja Hiroshima kujiua siku moja kabla ya mahafali, akiwa katikati ya mvutano huo. Tokyo wakatoa agizo 2003, mwalimu asimame, aikabili bendera, aimbe. Waliobaki wameketi wakaadhibiwa, na Mahakama ya Juu 2011 ikasema amri ya kusimama haivunji katiba. Hapo watoto hawapigi kura kabisa.

Binti_Pwani
Na "Kimigayo" nao sauti za vyombo vyake alizipanga Mjerumani, Franz Eckert, 1880. Naongezea tu kwa faida ya Mlimani88.

Mlimani88
Dada, una kazi nyingine?

Fundi_Gitaa
Tuni ni ya wanamuziki wa ikulu, Eckert aliweka sauti za kuambatana tu. Tafadhali tuwe makini.

Baba Yuki
Wakuu Ijumaa ni kesho kutwa. Sensei, nimemwimbia mkwe ule wa Chichibu, kasema anaujua ila "huo ni wa shule ya wahuni". Binti naye kasema hataki, kwa sababu darasa la kaka za wenzake ndilo liliuimba mwaka jana. Nijaze nini?

MtuWaTana
Kigoma_Mwisho bado sijasikia jibu lako kuhusu mtoto.

Kigoma_Mwisho
Mtoto wangu analala kwa Bongo Fleva. Swali jingine?