Shule za serikali na shule binafsi nchini Uingereza: tofauti hasa ni ipi?

Mama Salma
Habari zenu, ndugu. Mume wangu amepata kazi huko Uingereza, upande wa England, nasi tutahamia mwezi wa nane pamoja na binti yetu ambaye atatimiza miaka 11 mwezi Novemba. Nimesoma kwamba Eton huitwa "shule ya umma", ilhali ada yake hatuiwezi hata kwa kuota. Je, shule binafsi na za serikali hutofautiana vipi, na sisi wageni tunaruhusiwa kutumia zile zisizo na ada?

Mwalimu Mstaafu
Dada yangu, jina hilo limewachanganya wengi. Mfalme Henry VI alianzisha Eton mwaka 1440 ili isomeshe wavulana 70 wasio na uwezo, na shule za aina hiyo zikaitwa za umma kwa kuwa zilipokea watoto kutoka popote, si wa mtaa au kanisa moja tu. Leo ni shule binafsi zinazolipiwa. Ukivuka mpaka kwenda Scotland, jina hilohilo humaanisha shule ya serikali.

Watoto wapatao 93 katika kila 100 husoma shule za serikali, ambazo hazitozi ada ya masomo. Shule binafsi huchagua wanafunzi kwa mitihani na usaili, hujipangia mtaala, na zinaweza kuajiri mwalimu asiye na cheti rasmi cha ualimu, jambo linalowashangaza wazazi wanaodhani kwamba ada kubwa ndiyo dhamana ya sifa za mwalimu. Hata hivyo usiuchukue mpaka huu kuwa ukuta, kwa sababu zipo shule za serikali ziitwazo akademi, zinazopewa fedha moja kwa moja na serikali kuu, ambazo nazo zimekuwa na uhuru mkubwa katika mtaala.

Baba Wawili
Mwalimu ameeleza vizuri, lakini mama anahitaji kalenda. Mtoto aliyekuja kama mtegemezi wa mzazi mwenye viza ya kazi anaruhusiwa kusoma shule ya serikali bila ada. Anayelazimika kwenda shule ya kulipia ni yule aliyeingia kwa viza yake mwenyewe ya mwanafunzi mtoto. Salma ataingia darasa la mwisho la msingi, na nafasi hiyo mtaiomba mara mtakapofika. Papo hapo mtapaswa kuomba sekondari kupitia halmashauri ya mnakoishi, kwa sababu maombi hufungwa tarehe 31 Oktoba na majibu hutoka tarehe 1 Machi.

Shule inayopendwa ikijaa, mara nyingi umbali wa nyumba ndio huamua, na ndiyo maana kodi za nyumba hupanda karibu na shule nzuri. Kwangu hiyo ni ada iliyofichwa, na inaniuma kwamba haizungumzwi.

Zuhura
Mimi nilimsomesha mwanangu shule binafsi kwa miaka miwili, kisha nikamhamishia ya serikali. Darasa dogo lilimsaidia kweli, kwani mwalimu aligundua udhaifu wake wa kusoma ndani ya wiki chache, na sitaki kulibeza hilo. Lakini tangu tarehe 1 Januari 2025 ada hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20, nasi tukashindwa. Kama bado mnaitamani shule binafsi, ulizeni mapema kuhusu ufadhili unaotegemea kipato cha familia, maana shule nyingi huwa nao.

Mama Salma
Nawashukuru sana. Tulikuwa tumekwisha kuchagua nyumba karibu na kazi ya mume wangu. Leo usiku tutaangalia kwanza shule zilizopo jirani, na zilivyogawa nafasi mwaka uliopita, kabla ya kutuma malipo ya awali.