Tupeane uzoefu: uliyekichezea kipawa chako, ulirudije kundini?

Habari za jioni wapendwa. Juzi kwenye ibada ya nyumbani tumesoma habari za Samsoni, Waamuzi 13 hadi 16. Wengi tunamjua yule wa mbweha 300 na taya la punda. Mimi kilichonikaa ni Delila, yule mwanamke aliyempenda, aliyekuwa anamchimba siri ya nguvu zake, na siri ilikuwa nywele. Mara mbili jamaa kaamka na kamba mwilini, mara ya tatu kakuta vishungi vyake vimesukwa kwenye mtande, zile nyuzi za kufumia nguo. Mtego kauona mara tatu kwa macho yake, na ya nne akalaza kichwa magotini palepale! Nilianza kucheka, nikakumbuka yangu.

Nilikuwa mweka hazina wa kwaya na ndiye niliyekuwa naongoza nyimbo. Kijana mmoja akanionjesha mikeka ya kubeti mpira. Wa kwanza ukanipa 86,000, basi nikajiona nina jicho la mpira. Mkeka ulipoanza kuchanika kila wiki, nikaigusa hela ya sare. 20,000 tu, Jumatatu narudisha. Kwenye daftari niliandika "imeazimwa" kwa penseli, kurasa nyingine zote ni kalamu ya wino. Kufika Pasaka ilikuwa 640,000, na siku mwenyekiti aliyoomba daftari nilikuwa na kifutio mfukoni.

Nilitengwa miezi sita. Kukosa meza ya Bwana kuliniuma, lakini kukaa benchi la nyuma ukisikia wimbo wako unaongozwa na mwingine, tena kaushusha chini, jamani! Hela nimeilipa miaka miwili. Naimba tena. Hazina hawajanirudishia na sijaiomba. Haya, karibuni.

*Mama Wawili:* Mimi sikula hela ya mtu. Nilikuwa chuo cha uuguzi mwaka wa pili, nikamfuata mwanaume wa magari makubwa mpaka mpakani. Alipoondoka na mwenzangu nilibaki na mimba na begi moja. Nilirudi darasani nina miaka 34, wenzangu wananiita "mama" na mwalimu wa zamu nimemzidi umri. Kanisani waliniombea sana, ila aliyenivusha ni shangazi aliyesema, "Mtoto mwache kwangu, leta sare nifue."

*Mtata:* Samahani, mimi Samsoni hanipi moyo. Macho waliyomng'oa Wafilisti hayakurudi, na alikufa chini ya nguzo pamoja na Wafilisti wake. Nafasi ya pili gani hiyo? Mnipe Yohana Marko. Aliwaacha kina Paulo huko Perge akarudi Yerusalemu, na safari iliyofuata Paulo akamkataa mpaka akatengana na Barnaba kwa sababu yake. Miaka baadaye Paulo huyohuyo anamwandikia Timotheo: mlete Marko, ananifaa.

Shida ni kwamba kwenye hadithi yangu mimi ndiye Paulo, na barua sijaandika. Mdogo wangu ni fundi kuliko mimi, anasikiliza injini inavyounguruma anakwambia kinachougua. Nilimtuma rejeta ya mteja, akainywa hela yote. Mwaka wa nne huu. Naambiwa ameokoka. Jana kapiga, sikupokea.

*Kinyozi:* Mtata, rudi sura ya 16. Samsoni yuko gerezani anasaga, ana pingu za shaba, ndipo Biblia inasema nywele zikaanza kumea tena. Mimi nashika mashine kila siku: nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi. Wafilisti walimnyoa mara moja wakaona imetosha, mteja wangu yeyote angewaambia urudi baada ya wiki mbili!

Nimeacha gongo mwaka wa tatu sasa. Mwaka wa kwanza hakuna aliyeona tofauti. Mke wangu alikuwa bado ananinusa nikiingia mlangoni. Sikumlaumu, nilikuwa nasimama mwenyewe anuse amalize, ndiyo nivue viatu.

*Mama Wawili:* Kinyozi umeniliza na kunichekesha kwa pamoja. Sasa siku hizi anakunusa?

*Kinyozi:* Ananusa bado. Siku nyingine anasahau.

*Mtata:* Nimewasoma wote. Dogo kapiga tena asubuhi hii, nimepokea. Hakuomba kazi. Kauliza yule mteja wa rejeta anapatikana wapi, ana 50,000 ya kuanzia. Nimemwambia mteja nilishamlipa mimi. Kukawa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Basi kaka, nakuletea wewe." Anakuja Jumamosi. Kuna gari, Noah, hapa gereji imenishinda wiki nzima, nimeiacha ilivyo.