Ndege za kunyunyizia dawa: bolti za bawa zifunguliwe kila msimu, au tungoje saa zitimie?

Fundi Kipawa
Wakuu, TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) iagize ndege zinazonyunyizia kweleakwelea zihesabiwe kwa idadi ya kutua, si saa za kuruka peke yake, na matundu ya bolti za bawa yapimwe kwa edi karenti (kipimo cha umeme kinachogundua ufa usioonekana kwa macho) kabla ya kila msimu. Saa zinadanganya. Ndege inayotua mara 8 kwa saa, ikifikisha saa 500 imepaa na mzigo mara 4,000. Ya abiria inayotua mara 1 kwa saa, ni 500 tu. Halafu rubani akimaliza mstari wa shamba anaivuta juu na hopa (tangi la dawa) bado nzito. Upande wa chini wa spaa (boriti kuu ya ndani ya bawa) ndio unaovutika, na ufa unaanzia ndani ya tundu la bolti, ambako tochi haifiki.

Mzee wa Karakana
Kuhesabu kutua, sawa kabisa. Kung'oa bolti kila msimu, hapana! Ukiing'oa vibaya unakwaruza tundu, na mkwaruzo ndio mlango wa ufa. Mafundi wengi wanapiga nyundo. Bolti ikigoma kutoka, ujue bado imebeba uzito wa bawa: inua ncha ya bawa kwa jeki kidogo kidogo mpaka bolti izunguke kwa mkono. Tuanze na dai penetranti (kimiminika cha rangi kinachoingia kwenye ufa na kuuonyesha), ni rahisi na haihitaji kufungua kitu.

Mkaguzi Ukonga
Shikamoo mzee. Hilo la jeki umenena. Lakini dai inaonyesha ufa uliofika kwenye uso ulio wazi tu. Ulio chini ya kichwa cha bolti haiuoni. FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, imeshaagiza ndege kadhaa za kunyunyizia za Air Tractor zipimwe kwa edi karenti kwenye matundu ya kiungo cha kati cha spaa, upande wa chini. Haikuridhika na macho.

Hata hiyo dai wengi wanaikosea. Wanatoa rangi kwa brashi ya waya, aluminiamu inalala juu ya ufa na kuuziba. Tumia dawa ya kuondolea rangi. Dai ikishakaa muda ulioandikwa kwenye kopo, futa kwa kitambaa chenye kisafishio. Ukipuliza kisafishio moja kwa moja unaiosha dai hata ndani ya ufa. Na edi karenti isiyopimwa kwanza kwenye kipande cha aloi ile ile chenye mkato wa kina kinachojulikana haina maana yoyote.

Mwenye Ndege
Ndugu zangu, kweleakwelea wakishaingia kwenye mpunga Mbarali hawasubiri probu ya edi karenti. Ndege moja ya kunyunyizia ikilala, mkulima amekwisha.

Fundi Kipawa
Ndiyo maana ifanywe msimu ukiisha, mkuu. Ndege ikilala nje hapa Dar, upepo wa bahari unaongeza chumvi juu ya mabaki ya dawa na mbolea, na kutu huchimba vishimo vinavyozaa ufa. Ioshwe, ifunguliwe, ipimwe.

Mzee wa Karakana
Marahaba mkaguzi. Basi agizo liseme pia: tundu lililokwaruzwa lipanuliwe kwa rima (kifaa cha kupanulia tundu) hadi saizi inayofuata iliyoruhusiwa na mtengenezaji, lipimwe upya, na nati ziwe mpya. Ikibaki nafasi ndogo kutoka tundu hadi ukingo wa spaa kuliko kitabu kinavyotaka, spaa itupwe. Hapo nitakubali.