Mjadala: Ranchi ikipokea wageni wa wikendi, ng'ombe wabaki au wapishe pundamilia wa kununua?

Mtoa mada (Kimara)

Wakuu, salaam. Kuna hoja inazunguka kwenye magrupu ya watu wa matembezi hapa Dar, naona tuijadili bila matusi. Wanasema ukanda wa Pwani una ardhi kubwa ya ranchi, na mfano wanaoutaja ni Ranchi ya Taifa Ruvu iliyo chini ya NARCO, yaani Kampuni ya Ranchi za Taifa. Kipande kitengwe, ng'ombe waondolewe, iwekwe fensi, waletwe swala na pundamilia kwa kibali, zijengwe nyumba za wageni, na sisi wa mjini tupate pa kupumulia bila kwenda mpaka Mikumi.

Mimi nakubali nusu. Wageni waje, tena njia ipo: treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria kwenda Morogoro Juni 2024, Ruvu ilikuwa mojawapo ya vituo. Mtu wa Gongo la Mboto anapandia Pugu, hana haja hata ya kuonana na foleni ya Kibaha. Ninachokataa ni kuwaondoa ng'ombe.

Ng'ombe ndiye anayeleta cha kutazama. Kundi la ng'ombe wa aina ya Boran likitoka zizini asubuhi, angalia miguuni kwao. Yangeyange wanatembea nao bega kwa bega. Kila kwato ikigusa nyasi panzi wanaruka, na ndege anadaka. Juu kidogo mbayuwayu wanapita kasi wakifuata inzi, na wengi wao ni wageni kutoka Ulaya, wanakuwa kwetu kuanzia Septemba au Oktoba mpaka Aprili. Mgongoni kuna shashi, yule ndege wa kahawia mwenye mdomo mwekundu, anachokonoa kupe mpaka ndani ya sikio, na ng'ombe mwenyewe kalilegeza sikio ahudumiwe vizuri. Yote haya unayaona kwa miguu, karibu kabisa, kwa sababu ndege wameshamzoea mchungaji na wewe unatembea nyuma yake.

Tena tuna mfano jirani. Mkwaja, kaskazini mwa Saadani, ilikuwa ranchi tangu miaka ya 1950. Mbung'o na vichaka viliielemea, ikafungwa mwaka 2000, na ardhi ikaingia Hifadhi ya Taifa Saadani. Watafiti walipofanya kazi pale walikuta wanyamapori wanapenda kulisha kwenye mazizi ya zamani, maana samadi iliacha nyasi zenye lishe. Kwa hiyo hata palipokuwa hapana ng'ombe tena, walikuwa bado wanalisha wengine. Halafu leo mtu anasema ng'ombe anaharibu mandhari!

Karibuni.

Wa Tabata

Mkuu, umeandika vizuri, ila mwanangu hawezi kuamshwa saa kumi alfajiri akapande treni kwenda kuangalia yangeyange. Yangeyange wamejaa dampo la Pugu Kinyamwezi, bure, na korongo juu. Mtoto anataka pundamilia apige naye picha. Mke wangu anataka kivuli, choo kisafi na nyama choma. Hiyo ndiyo familia ya Dar inayolipa, na mwenye ranchi anaangalia anayelipa. Nyie watu wa darubini, watazama ndege, mko wachache na mnakuja na chapati zenu kwenye hotpoti.

Mganga wa mifugo, Kibaha

Naomba niingie kama mtu wa fani, maana nyote wawili mmeruka jambo.

Kwanza kwa wanaotaka wanyama wa kununua. Pundamilia hana shida sana. Ila najua mchezo huu: ukimaliza pundamilia utasikia "tuongeze na nyumbu". Nyumbu anabeba virusi visivyomsumbua yeye, na ndama wake anavitoa kwa wingi miezi ya mwanzo ya maisha. Ng'ombe akivipata, karibu kila mara ni kifo. Wamaasai wanalijua hili vizuri, ndiyo maana huhamisha mifugo nyumbu wanapozaa. Na nyati ni hifadhi inayotembea ya virusi vya homa ya miguu na midomo. Ukiweka hao upande mmoja wa fensi na ng'ombe wa Taifa upande wa pili, usinipigie simu.

Pili kwa mtoa mada. Virusi vya homa hiyo vinasafiri pia kwenye soli za viatu na matairi. Mgeni aliyetoka kwenye mnada wa mifugo jana akaja kutembea nyuma ya kundi leo ni hatari. Lazima pawe na beseni la dawa getini, kila mtu akanyage, hata mheshimiwa.

Tatu, huyo shashi unayemsifia anategemea josho, pale ng'ombe wanapoogeshwa kuua kupe, lina dawa gani. Kusini mwa Afrika, josho za aseniki ziliwamaliza shashi maeneo mengi, maana anakula kupe aliyejaa sumu. Dawa za siku hizi zipo zisizomdhuru, lakini si zote. Na ng'ombe aliyechomwa diclofenac, dawa ya maumivu, akafa, mzoga ukatupwa porini, unaua tai. India iliipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006 baada ya tai karibu kuisha. Kwa hiyo msiseme tu "ng'ombe wabaki". Semeni wabaki kwa matunzo gani.

Mama wa Mbezi

Wanangu, mimi nauliza kuhusu mto. Maji ya mabombani kwetu mengi yanatoka Ruvu. Oktoba 2022 mto uliposhuka tulipanga madumu mpaka usiku, mmeshasahau? Sasa nasikia nyumba za wageni, mitumbwi, watoto kuogelea. Kuogelea Ruvu na mamba na viboko waliomo? Haya, tuache hilo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira ya mto, ndani ya mita 60 za mto. Mita hizo ni za nyumba ya mwekezaji na za ng'ombe vilevile. Ng'ombe anywe kwenye birika lililovutiwa maji, asishuke kingoni kwa mamia. Mkikubaliana hapo mimi sina ugomvi na pundamilia wala yangeyange.

Mtembeza wageni, Kisarawe

Shikamoo mama. Hapo kwenye mto umemaliza.

Mimi nina neno kwa wa Tabata. Kaka, anayetaka msitu tayari anao bila kumfukuza ng'ombe wa mtu. Pugu na Kazimzumbwi hizi hapa chini ya TFS, wakala wa misitu. Pande iko ndani ya Dar kabisa, pori la akiba chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori, lenye komba wa Rondo, mdogo sana, ambaye duniani kote anaishi kwenye vipande vichache tu vya misitu ya pwani yetu. Watu wanapita barabara ya Bagamoyo miaka yote hawajui. Ranchi haina sababu ya kuigiza hifadhi wakati hifadhi yenyewe iko jirani haina watu. Ionyeshe uranchi wake: kukamua, kuogesha, kuhesabu kundi jioni. Nimeona watoto wa mjini wakimshikilia ndama chupa ya maziwa; simu zote ziliingia mfukoni zenyewe.

Kinachonisumbua mimi ni spika. Kikundi kimoja kikishuka na spika la bluetooth, asubuhi yote imekwisha, kanga wamekimbia, ng'ombe wametawanyika, mchungaji kanuna. Na wa darubini nao wasijione malaika. Kuna wanaopiga sauti ya ndege kwenye simu mara kumi ili dume ajitokeze kutetea eneo lake. Msimu wa kutaga hiyo ni bughudha tu, hata kama ni ya kimyakimya.

Mtoa mada

Daktari, nakushukuru, beseni na josho viingie kwenye masharti ya kibali kabisa, pamoja na dawa gani inatumika. Nyumbu na nyati tusiwataje tena.

Mama, mita 60 bila mjadala.

Tabata, ndugu yangu, nyama choma sijaikataa! Ranchi isiyouza nyama itauza nini? Ila jiko na muziki vikae upande wa getini, mbali na malisho, na asubuhi iwe ya ukimya mpaka kundi lifike mbali. Mwenye kutaka kulala mpaka saa nne alale. Pundamilia wako nakukatalia bado: kwenye uzio mdogo atamaliza nyasi upesi, kiangazi atanunuliwa majani, na gharama hiyo utailipa wewe getini. Manyara Ranch kule Monduli pundamilia wanapita na ng'ombe wanachunga, lakini hawakununuliwa. Wanapita kwa sababu ranchi iko kati ya Tarangire na Ziwa Manyara na njia yao haijazibwa. Huwezi kununua hilo ukalishusha Ruvu kwa lori.

Wa Tabata

Haya, umenipunguza. Ila bado kitu kimoja hamjakigusa. Mchungaji anaajiriwa kwa ajili ya ng'ombe. Sasa mnamtaka azungumze na wageni, ajue majina ya ndege, amwangalie mtoto wangu asikanyage kifutu kwenye nyasi, na kundi lisipungue hata mmoja. Hela ya kiingilio inaenda NARCO, kwa mwekezaji, au kuna fungu lake? Maana akilipwa mshahara ule ule ataniambia ndege wote wanaitwa ndege, na mimi sitamlaumu.

Mtembeza wageni, Kisarawe

Fungu lake liandikwe kwenye risiti ya getini, mgeni alione. Bila hivyo kaka una haki, baki Kinyamwezi.