Kitenzi "kuzunguka" katika maisha ya kila siku: tupeane uzoefu

Ndugu zangu, naomba tukusanye hapa matumizi ya kitenzi kuzunguka ambayo kila mmoja ameyakuta kazini, nyumbani au safarini. Kamusi hutuambia kuwa ni kwenda kwa mduara, ingawa katika mazungumzo mara nyingi mduara wenyewe haupo. Naanza na langu. Nilipokuwa nikifuatilia hati ya kiwanja katika ofisi moja, kila nilipofika nilielekezwa dirisha jingine, kisha nikaambiwa nirudi wiki ijayo. Jirani aliponiuliza nimefikia wapi, nilimjibu kuwa wananizungusha. Nisingeweza kusema "nazunguka", kwa sababu lawama yote imo katika ile -sh-. Mzee mmoja aliyekuwa karibu akauliza kama nimeshazunguka mbuyu, yaani kama nimetoa chochote, na nikamwambia sikukusudia kufika huko.

*Mwalimu, Morogoro:* Katika somo la jiografia kitenzi hiki hubebeshwa miendo miwili ya Dunia. Dunia hujizungusha kwenye mhimili wake kwa takribani saa 24, tukapata usiku na mchana, na hulizunguka Jua kwa takribani siku 365 na robo. Mwanafunzi akiandika tu kwamba Dunia inazunguka, sijui nimpe alama ya mwendo upi, kwa hiyo huwa nadai nione -ji- au -li-.

*Dalali wa nyumba, Dar es Salaam:* Kwetu neno hili ni chungu. Unampeleka mteja akaone nyumba, anasema atafikiria, kisha usiku anarudi peke yake kwa mwenye nyumba, wanakubaliana, na malipo yako, ambayo kwa desturi ni kodi ya mwezi mmoja, yanapotea. Huyo amekuzunguka. Wafanyabiashara wawili waliokuwa washirika wakifanyiana hivyo husemwa kuwa wamezungukana, na baada ya hapo si rahisi kuwapatanisha.

*Mkazi wa Mombasa:* Mimi nimelitumia kwa maana yake kamili nilipokwenda Hija, kwani katika tawafu mtu huizunguka Al-Kaaba mara 7, nayo ikiwa upande wake wa kushoto. Huku nyumbani, anayesema anakwenda kuzunguka mjini anatembea tu.

*Mhariri:* Naongeza jambo linalonisumbua katika miswada. Nyumba huzungukwa na miti iliyojiotea, lakini huzungushiwa ukuta, kwa kuwa ukuta umejengwa na mtu. Unguja imezungukwa na bahari. Anayeandika kuwa imezungushiwa bahari anatulazimisha tuulize ni nani aliyeizungushia. Askari wakiifikia nyumba ile kwa nia ya kumkamata aliyemo, naona kitenzi kinachofaa ni kuizingira, maana kuizunguka peke yake hakuonyeshi kwamba njia za kutokea zimefungwa.