Fedha za elimu ya juu: tujenge tawi la chuo, tulipe ada, au tununue maabara?

Mjumbe wa kamati:

Wakuu, naomba mnisaidie kufikiri. Nimo kwenye kamati ya watu tisa inayoshauri mkoa namna ya kutumia fungu la elimu ya juu kwa miaka mitano ijayo. Lengo tulilopewa ni sentensi moja tu: fedha hizo zikuze uchumi wa mkoa. Mezani kuna mapendekezo matatu, na fungu halitoshi hata mawili.

La kwanza ni kujenga tawi la chuo kikuu: madarasa, mabweni, ukumbi mkubwa. Hili ndilo linalopendwa na wengi, maana linaonekana. La pili ni kuwalipia ada vijana wetu wakasome popote watakapopata nafasi. La tatu limebanwa mwisho wa kabrasha, kurasa mbili tu: kile chuo kidogo cha ufundi tulicho nacho kipewe maabara ya kupima udongo, maji na mazao, pamoja na watafiti na mafundi sanifu wa kudumu.

Hilo la pili linanigusa mwenyewe. Nilisomeshwa kwa ufadhili wa aina hiyo. Tulikuwa kumi na wanne. Nikihesabu waliorudi, nafika watatu, nami nimo. Siwalaumu wenzangu hata kidogo. Mkemia akirudi mahali pasipo na maabara, atafanya kazi gani? Lakini mkoa ulilipa, na miji mingine ikavuna.

Swali langu: ni wapi fedha za elimu ya juu ziliwafikia kweli watu wa eneo mifukoni, na zilipita njia gani?

Mtafiti mstaafu:

Mjumbe, usikubali zile kurasa mbili zizikwe. Nimefanya kazi katika maabara za chuo miaka thelathini na moja, sehemu kubwa nikipima maziwa, na kila mwanafunzi mpya nilimsimulia jambo hili kabla hajashika chupa.

Mwaka 1862 Marekani ilipitisha sheria ya Morrill. Nchi ilikuwa vitani yenyewe kwa yenyewe, fedha taslimu hakuna, ila serikali kuu ilikuwa na ardhi (nyingi ilichukuliwa kwa wenyeji wa asili, na hilo lazima lisemwe). Kila jimbo likapewa ekari 30,000 kwa kila seneta na kila mbunge wake. Ardhi iliuzwa, mapato yakawekezwa, na faida yake ikaendesha chuo cha kufundisha kilimo na ufundi bila kuacha masomo mengine. Sasa sikiliza kipengele ambacho ningependa ukisome kwa sauti kwenye kikao chenu: sheria ile ilikataza mfuko huo, na hata riba yake, kutumika kununua, kujenga au kukarabati jengo lolote. Sehemu isiyozidi asilimia 10 iliruhusiwa kununua ardhi ya chuo au mashamba ya majaribio. Majengo jimbo lijitafutie lenyewe.

Ualimu peke yake haukutosha. Mwaka 1887 ikaja sheria ya Hatch, iliyolipia vituo vya utafiti wa kilimo ndani ya vyuo hivyo, na mwaka 1914 sheria ya Smith-Lever ikalipia ugani, yaani watu wa kuyapeleka matokeo hadi shambani. Hesabu miaka hiyo: 52 tangu sheria ya kwanza.

Faida ilionekana wapi? Twende jimbo la Wisconsin. Viwanda vya siagi na jibini vilinunua maziwa kwa uzito. Aliyeongeza maji, au aliyeengua krimu usiku, alilipwa sawasawa na jirani aliyeleta maziwa mazito. Mkulima mwaminifu alikuwa akipata hasara kila asubuhi, na hakuna aliyeona sababu ya kutunza ng'ombe bora. Mwaka 1890 mkemia wa chuo kikuu cha jimbo hilo, Stephen Babcock, akatoa kipimo chake cha mafuta ya maziwa. Unachanganya maziwa na asidi ya salfuriki, ambayo inayeyusha kila kitu isipokuwa mafuta. Unaizungusha chupa kwa kasi kwenye mashine. Mafuta yanapanda shingoni penye alama, unasoma. Mtu yeyote kiwandani angeweza kujifunza. Babcock hakuchukua hataza, yaani haki ya kuumiliki uvumbuzi wake peke yake.

Tangu hapo maziwa yakaanza kulipwa kwa mafuta yaliyomo. Udanganyifu ukakosa faida, na mkulima akajua ng'ombe yupi anamlisha bure. Chuo kikafundisha pia kozi fupi za majira ya baridi kwa watengeneza siagi na jibini, watu wasiokuwa na haja ya shahada, na jimbo likawa maarufu kwa maziwa nchi nzima. Nimekishika kipimo kile mara nyingi na bado kinanisisimua, kwa sababu mtu yule alianza na ugomvi uliokuwa ukitokea kila siku kwenye mizani.

Kwa hiyo nami nakuuliza: mkoani kwenu watu wanagombana wapi? Mazao yanakataliwa kwa sababu gani, na ni nani anayesema hayafai? Maabara ianzie hapo.

Daktari wa wilaya:

Nakubaliana na mzee, ila msiwasahau wanafunzi. Nani anaingia darasani ni jambo la uchumi pia.

Kaskazini ya Norwei kulikuwa na uhaba mkubwa wa madaktari. Chuo kikuu cha Tromsø kilifunguliwa mwaka 1972, na uhaba huo ulikuwa miongoni mwa sababu. Baadaye walipowafuatilia wahitimu wa udaktari, zaidi ya nusu walikuwa wakifanya kazi kaskazini. Kwa wale waliokulia huko, ni kama wanne katika kila watano. Mwaka huohuo wa 1972 Japani ilianzisha chuo cha udaktari cha Jichi, kinachogharimiwa na mikoa yote kwa pamoja. Kila mkoa unapeleka vijana wake wachache kila mwaka, na anayerudi kutumikia mkoa wake kwa miaka tisa anasamehewa deni la masomo.

Mimi nilipelekwa mbali nikabaki huko miaka kumi na moja. Nilioa huko, watoto wakaanza shule huko. Mtu hakimbii kwao siku ya mahafali. Anajifunga kidogokidogo mahali aliposomea. Kama mtalipa ada, msamaha wa deni uhesabiwe kwa mwaka mmojammoja wa utumishi, asiyemaliza naye apate sehemu yake.

Mhasibu wa chuo:

Mjumbe, umesema mkoa ulilipa na wengine wakavuna. Hapo ndipo pa kugawa majukumu. Ada ni ya mtu, na mtu anahama. Nchi nzima inanufaika, basi nchi nzima ibebe mzigo. Australia tangu 1989 mwanafunzi anaanza kulipa deni lake kupitia kodi kipato chake kikifika kiwango fulani, popote alipo nchini. Mkoa mmoja hauwezi kuendesha kitu cha namna hiyo. Fedha za mkoa zinunue kisichohama: maabara, shamba la majaribio, mafundi, kozi fupi kwa watu ambao tayari wana kazi na makazi hapo.

Lakini nina onyo, na nalitoa kwa uchungu. Chuo kimoja nilichofanyia kazi kilipokea mashine nzuri ya kuchambua udongo. Ilikaa kwenye kifuniko chake cha plastiki miaka miwili. Fungu la maendeleo lilinunua mashine, fungu la matumizi ya kawaida halikuwa na senti ya vitendanishi (kemikali za kupimia) wala vipuri, na fundi aliyefunzwa kuiendesha alikuwa na mkataba wa miezi sita, ukaisha. Wakulima walileta sampuli zao mwanzoni. Wakachoka. Angalieni kurasa zenu mbili: je, mishahara na vitendanishi vya mwaka wa nne vimeandikwa?

Mjumbe wa kamati:

Shikamoo mtafiti, na asanteni nyote. Nimelifungua kabrasha usiku huu. Mishahara imeandikwa hadi mwaka wa pili. Vitendanishi havimo kabisa. Na chuo hakikuulizwa hata mara moja ni kipimo gani kianze.

Kikao ni wiki ijayo. Nitaomba pendekezo la tatu lirudishwe likaandikwe upya kwa miaka yote mitano, na kabla ya hapo nitakwenda na mkuu wa karakana ya chuo kwa wanunuzi wa mazao tukaulize mizigo inakataliwa kwa lipi. La ada nitashauri libaki dogo, kwa kozi ambazo maabara itazihitaji, na msamaha wa mwaka kwa mwaka kama alivyosema daktari. Tawi najua litatetewa kwa nguvu. Mtafiti, nikikutumia rasimu Jumapili utapata nafasi ya kuipitia?

Mtafiti mstaafu:

Nitumie hata leo. Na huko kwa wanunuzi nenda na daftari, uandike maneno yao kama wanavyoyasema.